Gereji Isiyo na Kibao: Nilivyopimisha Moshi wa Subaru ya Turbo Kabla ya Ukaguzi, Nakuru

Gereji ninayoizungumzia hapa iko upande wa Shabab, mjini Nakuru, na haina kibao wala jina lililochorwa ukutani. Wateja huelekezana kwa kutaja geti la kijani na gofu la matatu lililoegeshwa nje kwa miaka. Nilifika huko nikiwa na shida moja. Subaru Forester yangu ya toleo la SG5 iliingia nchini ikiwa na injini ya lita 2.0 isiyo na turbo (kile kifaa kinachotumia nguvu ya moshi kuisukumia injini hewa zaidi), injini hiyo ikafa, nami nikaweka EJ205 ya turbo iliyotoka Japani pamoja na nyaya na kompyuta yake. Namba ya injini ikibadilika, kitabu cha gari nacho hubadilishwa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, na kabla ya hapo gari hukaguliwa. Nilijua breki na taa zangu ziko sawa, lakini moshi ulinitia wasiwasi, kwa sababu kila nilipoegesha gari nyumbani Njoro, nguo zilizoanikwa karibu zilinuka petroli.

Huduma niliyolipia ni ya kupima moshi kwa mashine ya kuchambua gesi, ambayo hapa hugharimu shilingi 2,500, na bei hiyo haijumuishi matengenezo. Fundi hukataa kupima gari likiwa baridi. Alinituma niendeshe hadi Njoro na kurudi, akaeleza kwamba katalisti, yaani yale masega ya ndani ya ekzosti, haianzi kusafisha moshi mpaka ipate joto la nyuzi 250 hadi 300 hivi, na kwamba gari la turbo huchelewa kufika hapo kuliko magari mengine kwa kuwa turbo yenyewe hufyonza sehemu ya joto la moshi kabla halijafika kwenye masega. Niliporudi alichomeka mrija wenye ncha ya chuma ndani ya ekzosti, akaacha injini itulie, kisha akaikanyaga na kuishikilia kwenye mizunguko 2,500 kwa dakika, macho yake yakiwa kwenye namba na si kwenye gari.

Namba zilikuwa mbaya. Kaboni monoksidi ilisoma asilimia 3.8, haidrokaboni (yaani petroli isiyoungua) sehemu 480 kwa milioni, oksijeni asilimia 1.6, na lambda 0.94. Kwa asiyezoea, lambda ikiwa 1 ina maana kwamba hewa na petroli vimelingana sawasawa, takriban kilo 14.7 za hewa kwa kilo moja ya petroli. Ikishuka chini ya hapo, petroli imezidi. Fundi hutumia kama shabaha viwango vya Uingereza vya magari ya petroli yenye katalisti ya kuanzia mwaka 2002, yaani kaboni monoksidi isiyozidi asilimia 0.2 na haidrokaboni isiyozidi 200 kwa mizunguko ya juu, pamoja na lambda kati ya 0.97 na 1.03. Anasema gari likifika hapo, halitamwaibisha popote. “Mwalimu,” akaniambia huku akifuta mikono, “hili gari lako linakunywa mafuta ambayo halijayaomba.”

Sehemu iliyonifanya niandike tathmini hii ni namna alivyozisoma namba hizo nne kwa pamoja. Petroli ikizidi, oksijeni inayobaki kwenye moshi inapaswa kuwa kidogo sana, kwa kuwa imeliwa yote. Kukuta petroli nyingi na oksijeni nyingi kwa wakati mmoja kulimwambia kwamba kuna mahali hewa ya nje inaingia kwenye ekzosti. Alipuliza moshi mweupe wa mashine ndani ya bomba, na ukatokea kwenye gasketi kati ya turbo na bomba la kushuka (lile linalopokea moshi kutoka kwenye turbo, ambamo masega hukaa), uzi mwembamba ambao mimi ningedhani ni mvuke. Tundu hilo lilikuwa mbele ya sensa ya oksijeni. Kila moshi ulipopita kwa mdundo, hewa safi ilivutwa ndani, sensa ikadanganyika kwamba injini ina njaa ya mafuta, na kompyuta ikaongeza petroli bila sababu. Nilikuwa nimeshabadilisha plagi mara mbili na kununua sensa mpya kwa ushauri wa watu wengine, na kumbe kosa lilikuwa gasketi.

La pili lilikuwa ile vali inayopiga “pshh” unapoachia mafuta, ambayo niliinunua kwa mbwembwe na ambayo, nakiri, ilinifurahisha kila nilipobadilisha gia pale njia ya Njoro inapoanza kupanda. Kwenye injini hii hewa hupimwa na sensa mwanzoni mwa njia, kabla ya turbo. Vali ikiitupa nje hewa iliyokwisha kuhesabiwa, kompyuta bado inamimina petroli ya hewa ambayo haipo. Fundi aliirudisha hewa hiyo kwenye bomba la kuingilia kama kiwanda kilivyokusudia. Mlio umekwisha, na wanafunzi wangu wameuliza kama gari limeharibika.

La tatu ndilo lililoniudhi. Bomba langu la kushuka lilikuwa tupu. Fundi mwingine, ambaye sitamtaja, alinitengenezea ekzosti mwaka uliopita na hakuniambia kwamba masega ya zamani hayakurudi ndani. Yana platinamu, paladiamu na rodiamu, na wanunuzi wa vyuma chakavu huyalipia vizuri. Zaidi ya hayo, aliyetyuni kompyuta alikuwa amezima sensa ya nyuma, ile inayochunguza kazi ya masega, ili taa ya injini isiwake, kwa hiyo dashibodi ilikaa kimya kana kwamba kila kitu kiko salama. Tangu Safari Rally irudi kwenye mashindano ya dunia mwaka 2021 kule Naivasha, vijana wengi wa hapa hukata ekzosti zao kwa ajili ya mlio, na nafikiri wengi wao hawajui kilichobaki mikononi mwa fundi.

Kabla ya kuuza chochote, fundi wa Shabab alirekebisha gasketi na vali, akarudisha ndani ya kompyuta ramani ya mafuta ya mwendo wa kawaida ili ifuate sensa, kisha akapima tena bomba likiwa bado tupu. Kaboni monoksidi ilishuka hadi asilimia 0.7, haidrokaboni 190. Alitaka nione kwamba injini yenyewe sasa inachoma vizuri na kwamba kilichobaki ni kazi ya masega, kwa sababu masega mapya yakifungwa kwenye injini inayomwaga petroli huungua na kuyeyuka baada ya muda mfupi. Alitingisha pia mhimili wa turbo kwa kidole kuona kama umelegea, maana turbo inayovujisha oili huharibu masega vilevile. Petroli nyingi inayohitajika turbo inaposukuma kwa nguvu, ili kupoza injini, hakuigusa; kipimo hufanywa bila mzigo, na huko turbo haijaamka.

Niliomba katalisti ya seli 200 kwa inchi ya mraba, ambayo hupitisha moshi kwa urahisi. Akanishauri ya seli 400, inayosafisha zaidi, kwa shilingi 31,000 pamoja na kuchomelea. Namba za mwisho zilikuwa asilimia 0.11, haidrokaboni 62, oksijeni 0.2 na lambda 1.00. Turbo sasa huamka kwa kuchelewa kidogo, jambo ambalo dereva mwenye haraka atalihisi, lakini nilikwenda kituoni nikiwa na amani, na gari likapita mara ya kwanza. Petroli niliyokuwa nikijaza Jumatatu sasa hufika Alhamisi badala ya Jumatano.

Kwingine mjini niliahidiwa masega ya kukodi kwa siku moja, yafungwe asubuhi na kufunguliwa jioni, na mwingine akanishauri kumwaga spiriti kwenye tangi. Fundi huyu alikataa kuzungumzia la kwanza, na la pili alilicheka.

Kasoro zake zipo. Mashine yake haina karatasi ya kuchapisha, kwa hiyo unaandika namba mwenyewe au unapiga picha kioo chake. Nilisubiri siku tatu kwa kazi aliyosema ni ya siku moja. Na hana mahali pa mteja kuketi isipokuwa tairi la lori. Pia hapimi Jumamosi baada ya saa sita mchana, hata ukimsihi. Mpigie mapema, fika gari likiwa limetembea, na ukiwa na ekzosti iliyowahi kutengenezwa kwingine, mwombe aipandishe kwenye jeki umulike ndani ya bomba pamoja naye.