Felti ya lami ya kuchoma kwa gesi, milimita 4: tathmini kwa slabu ya stoo inayovuja

Stoo, jiko la uani na choo cha nje hupigwa slabu bapa, kisha hakuna anayepanda juu kuitazama hadi masika yaingie. Ukungu mweusi ukishatokeza darini na plasta ikaanza kumenyuka, maji yameshafika kwenye nondo, na nondo ikishika kutu huvimba na kupasua zege kutoka ndani. Kwa slabu ya namna hiyo, felti ya lami (shuka la kuzuia maji linalouzwa kwa roli na kubandikwa kwa moto) ya milimita 4 yenye chenga za mawe juu ni ununuzi mzuri kuliko rangi yoyote ya kuzuia maji. Ile ya milimita 3 isiyo na chenga, iache dukani, labda uitake iwe tabaka la chini. Lami iliyo uchi hukauka na kupasuka kwa jua, na wembamba wake haumwachii fundi nafasi ya kukosea na moto.

Soma lebo kabla ya kulipa. APP ni lami iliyochanganywa na plastiki, SBS ni lami iliyochanganywa na mpira. APP huchelewa kulainika kwenye joto, kwa hiyo kwa jua la Mombasa au Dar es Salaam chukua hiyo. Sifa kubwa ya SBS ni kunyumbulika kwenye baridi kali, na pwani haina kazi nayo. Angalia na kiini cha katikati. Cha poliesta huvutika slabu inapotanuka mchana na kusinyaa usiku, cha nyuzi za kioo huchanika mapema. Roli liwe limehifadhiwa wima, kivulini. Lililolazwa juani hubonyea, na ukilikunjua halilali bapa tena.

Kwenye hesabu ndipo wengi wanapokwama. Roli ni mita 1 kwa 10, paa ni mita 4 kwa 5, basi mtu ananunua roli 2. Hazitoshi. Felti hupandana sentimita 10 kila mstari, hivyo mstari wa kwanza unafunika mita 1 na inayofuata sentimita 90 tu. Unahitaji mistari 5 ya mita 5, na roli 3 hutoa mistari 6 bila kiungo cha katikati. Mstari wa sita kata vipande 3 vya upana wa sentimita 33 kwa ajili ya ukingo, yaani ukuta mfupi unaozunguka paa. Vipande hivyo vinakupa mita 15, wakati mzunguko wa paa ni mita 18, kwa hiyo usitupe masalio ya mstari wa tano: yana upana wa sentimita 60 na yanatoa vipande 2 zaidi. Praima ya lami, ile inayopakwa kwanza ili felti ishike, ni kama lita 0.3 kwa mita ya mraba. Lita 7 zinaenea paa na ukingo wake.

Felti hairekebishi mteremko, na muuzaji hatakwambia. Maji yakituama, yatatuama juu ya felti pia, na siku kiungo kimoja kikiachia, dimbwi zima litaingia ndani. Uwiano usipungue 1 kwa 80, yaani sentimita 5 kwa paa la mita 4, ukielekea kwenye tundu la kutolea maji. Gonga slabu kwa nyundo, pasipo na sauti ngumu pachimbwe na kujazwa upya. Pale sakafu inapokutana na ukuta wa ukingo, piga saruji ya mshazari wa sentimita 5, maana felti ikikunjwa kwa pembe kali hupasuka pale pale.

Kisha ngoja pakauke. Zege jipya lipewe siku 28. Kupima, bandika nailoni ya mita 1 ya mraba kwa utepe wa gundi pande zote, ilale usiku. Asubuhi ukikuta matone chini yake, usichome. Unyevu uliofungiwa hugeuka mvuke juani na kuinua felti kama malengelenge, na hiyo ndiyo kasoro tunayoiona zaidi ya zote. Januari, Februari, au Julai hadi Septemba ndiyo miezi ya kazi hii.

Uchomaji huanzia upande wa chini wa mteremko, ili kila mstari wa juu umwagie juu ya uliotangulia. Bana, yaani mdomo wa moto wa gesi, ielekee tumbo la roli. Utando mwembamba wa nailoni uyeyuke, lami ing'ae, roli lisukumwe mbele polepole. Kipimo cha kiungo kizuri ni uzi wa lami unaochomoza ukingoni, milimita 5 hadi 10. Usipochomoza, hakijashika, ukimwagika ovyo na kiini kikaonekana, umeunguza. Kiungo kinapoangukia juu ya chenga, zipashe moto kwanza zizame ndani ya lami, la sivyo unaunganisha mawe kwa mawe. Ukutani felti ipande sentimita 15 na ncha yake iingizwe kwenye mfereji wa kina cha sentimita 2 uliochongwa ukutani, kisha izibwe. Fundi anayeishia kupaka lami tu kwenye ncha anakuachia mlango wa maji.

Mtungi wa kilo 6 hautoshi: gesi ikitoka kwa kasi mtungi hupoa, moto unapungua katikati ya mstari. Chukua mkubwa, na kizima moto kiwe juu ya paa.

Bidhaa hii si ya mabati wala paa lenye mbao chini ya moto. Nyumba za kale za Lamu na Zanzibar, zenye boriti na chokaa, tunasisitiza zisiguswe nayo: chokaa hupumua, na ukiifunga kwa lami unyevu utaozesha boriti.

Ukimaliza, ziba tundu la maji, jaza kina cha sentimita 3 hadi 5, acha saa 24, ukague dari. Tangi la maji likirudishwa juu, liwekwe kwenye vigae vya zege vilivyotandikiwa vipande vya felti, maana miguu ya chuma hutoboa lami iliyolainika adhuhuri. Maji ya paa hili ni ya kufulia na kumwagilia, si ya kunywa.