Kombe la Sudirman nililolitazama kutoka Uyole: uzoefu wangu

Kwa siku 8, kuanzia Jumapili ya tarehe 27 Aprili hadi Jumapili ya tarehe 4 Mei 2025, nilifuatilia Kombe la Sudirman, yaani mashindano ya mpira wa vinyoya (badminton) ya timu za taifa, lililochezwa Xiamen, China, nikiwa nyumbani kwangu Uyole, Mbeya, pale barabara ya Tukuyu inapoachana na ile ya Iringa. Nilitumia simu niliyoiunganisha na televisheni ndogo ya sebuleni. Mpira wa vinyoya ninaucheza mwenyewe kila Jumamosi pamoja na walimu wenzangu na vijana wa mtaani, na mashindano ya mchezaji mmoja mmoja nimeyatazama mara nyingi, lakini hili la timu za taifa sikuwahi kulifuata tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho. Ninawaandikia wale wanaojiuliza kama linastahili bando lao, na jibu langu ni kwamba linastahili, ingawa si siku zote 8.

Kinachonifanya niseme hivyo ni muundo wake. Kila pambano la mataifa mawili lina mechi 5: mwanamume kwa mwanamume, mwanamke kwa mwanamke, wanaume wawili wawili, wanawake wawili wawili, na mchanganyiko, yaani mwanamume na mwanamke upande mmoja wa wavu. Kila mechi ina pointi moja, na atakayefikisha 3 ndiye mshindi. Ukihesabu vizuri utaona kwamba wanawake wanashiriki katika mechi 3 kati ya 5, sawa kabisa na wanaume, kwa hiyo taifa lenye wanaume hodari peke yao haliendi popote.

Fainali ilinionyesha jambo hili waziwazi kuliko maelezo yoyote. Korea Kusini ilikuwa na An Se-young, bingwa wa Olimpiki ya Paris 2024, na binti huyo alifanya kazi aliyotumwa kwa kumshinda Wang Zhiyi. Hiyo ndiyo pointi pekee waliyoipata. China ilichukua mechi ya mchanganyiko kupitia Feng Yanzhe na Huang Dongping, Shi Yuqi akaongeza yake, kisha Liu Shengshu na Tan Ning wakafunga hesabu kwa upande wa wanawake wawili wawili, na pambano likaishia 3-1 bila hata wanaume wawili wawili kuingia uwanjani. Katika mashindano ya kawaida An Se-young angerudi kwao na kikombe. Hapa alikaa benchi akipiga makofi huku wenzake wakizidiwa. Mimi nilimwonea huruma, lakini papo hapo nikaelewa kwa nini China imelitwaa kombe hili mara 14 tangu lilipoanza mwaka 1989 mjini Jakarta, ambako Indonesia, nchi ya Dick Sudirman aliyepewa heshima ya jina la kombe, ilishinda kwa mara ya kwanza na mpaka leo ya mwisho. Nusu fainali ya Korea na Indonesia, iliyokwenda hadi 3-2, ndiyo pambano ninalowashauri watu walitafute kwanza, kuliko hata fainali yenyewe.

Hatua ya makundi ilinichosha. Timu zilikuwa 16, zikagawanywa katika makundi 4, na katika hatua hiyo mechi zote 5 huchezwa hata kama mshindi ameshajulikana. Algeria, iliyoiwakilisha Afrika, iliwekwa kundi moja na China na kufungwa 5-0. Nilikesha kwa ajili yao kwa sababu ya Uafrika tu, na sijuti, ila kwa mtazamaji anayenunua bando kwa fedha yake ningeshauri aanze na robo fainali, kwa kuwa kuanzia hapo pambano hukatishwa mara upande mmoja unapopata pointi ya tatu.

Kuhusu muda, Xiamen iko mbele yetu kwa saa 5. Mechi zao za asubuhi zinatukuta sisi bado gizani, na alfajiri ya Uyole mwishoni mwa masika si ya kukaa sebuleni bila blanketi. Mechi zao za jioni zinatufikia mchana, na hapo ndipo nilipokwama zaidi, kwa sababu ya vipindi vya darasani na kwa sababu mtandao wa simu ninaoutumia ulikuwa ukizidiwa. Picha iliganda mara kadhaa mtu akiwa ameinua raketi, na iliporudi tayari alikuwa akifuta jasho. Nilipopunguza ubora wa picha mtiririko ulitulia, lakini kinyoya chenyewe kikawa hakionekani kinapopigwa smashi, yaani pigo kali la kushuka chini. Kitu chenye uzito wa gramu 5 hivi, kilichoundwa kwa manyoya 16, kinahitaji picha safi, kwa hiyo usibane bando hapa.

Jambo jingine halitamhusu mtazamaji wa pwani. Mbeya iko juu sana, hewa yetu ni nyepesi, na kinyoya huku hukimbia kuliko kule Xiamen kwenye usawa wa bahari. Nilijaribu kuiga mpira wao mrefu wa kwenda mstari wa nyuma, nikatoa nje mara 4 mfululizo, na wenzangu wakacheka sana. Anayetaka kujifunza kwa kutazama, na akawa anaishi nyanda za juu, anunue vinyoya vya kasi ndogo kwanza, ndipo alaumu mkono wake.

Muundo huo wa mechi 5 tuliujaribu wenyewe mwezi Julai, tulipowaalika wageni kutoka Tukuyu. Sisi tulikuwa na kijana mmoja, fundi pikipiki, ambaye hatujamwona wa kumfunga, tukamruhusu acheze mechi 2, na zote alishinda. Tulifungwa 3-2. Wageni walikuja na wauguzi wawili waliozoeana uwanjani kama watu wanaosuka mkeka mmoja, na kwa upande wa wanawake sisi tulikuwa tumeokoteza asubuhi ileile. Tulipokuwa tunakunja wavu, mmoja wao alinijia na raketi yake kwapani.

“Shikamoo, mwalimu.”

“Marahaba, dada yangu. Mmetuweza leo.”

“Asante. Nilitaka kuuliza tu, kina dada wa hapa wana siku gani ya mazoezi?”

Nikageuka kutazama ratiba iliyobandikwa mlangoni, niliyoiandika kwa mkono wangu. Jumamosi, wanaume. Siku nyingine, hakuna kitu.