Programu za Kuhariri Taimulapsi: Ipi Ununue Ikiwa Mwanga wa Video Unapepesa

Malalamiko ninayoletewa na wasomaji kuhusu taimulapsi, yaani picha za mnato zinazounganishwa kuwa video, siku hizi yanafanana mno. Mtu ameweka kamera Forodhani, Unguja, kuanzia jioni hadi usiku, amepiga picha moja kila baada ya sekunde 5 kwa saa 2, akapata picha 1,440, akazihariri zote kwa mpangilio mmoja katika programu aliyoilipia, na video iliyotoka inapepesa kama taa ya tyubu inayokaribia kuungua. Kisha ananiuliza programu ipi ina kasi zaidi au ina rangi nzuri zaidi. Kasi na rangi sitazijadili hapa, kwa sababu hazitaiponya video hiyo. Kigezo changu ni kimoja tu: je, programu inaweza kuusawazisha mwanga kutoka picha hadi picha?

Kupepesa huko hutokana na mambo mawili. La kwanza liko kwenye kamera: lenzi nyingi za kisasa hulifunga tundu lao upya kila picha inapopigwa, na tundu halirudi palepale kwa usahihi kamili, hivyo picha moja hupata mwanga zaidi kidogo kuliko jirani yake. Ukizitazama mojamoja huoni tofauti, lakini zikipita 25 kwa sekunde, jicho huikamata papo hapo. La pili, ambalo sijawahi kumsikia muuzaji akilitaja, limo ndani ya programu yenyewe. Katika Lightroom, programu ya kuhariri picha ya kampuni ya Adobe, tangu toleo la 4 la mwaka 2012, vidhibiti vya Highlights (sehemu angavu), Shadows (sehemu zenye giza) na Clarity (ukali wa picha) huichambua kwanza picha, kisha hufanya kazi kulingana na kilichomo. Ukizipa picha zote thamani ileile, kila moja huipokea kwa namna yake. Jahazi lenye tanga jeupe likikatiza mbele, hesabu hubadilika na mwanga wa picha nzima huruka. Kwa picha ya harusi huo ni msaada mkubwa, ila kwa mfululizo ni balaa. Isitoshe, huku kwetu karibu na ikweta giza huingia upesi, kwa hiyo mpiga picha hulazimika kubadilisha shata (muda wa kuingiza mwanga) na ISO (wepesi wa kamera kuuhisi mwanga) mara nyingi ndani ya muda mfupi, na kila badiliko huacha ngazi inayoonekana wazi katika video.

Ndiyo maana nafasi ya kwanza naipa LRTimelapse, programu ya Mjerumani Gunther Wegner, na sifichi kwamba naipendelea. Inafanya kazi pamoja na Lightroom Classic, yaani Lightroom ya kompyuta: unachagua picha chache kuwa vigezo, unazihariri ndani ya Lightroom, kisha yenyewe inayasambaza mabadiliko taratibu kwa picha zote zilizo katikati. Kile kipengele chake kiitwacho Holy Grail huzitambua zile ngazi za shata na ISO na kuzigeuza kuwa mteremko laini. Uzuri wake hasa umo kwenye grafu. Mstari wa buluu unaonyesha mwanga wa picha jinsi zilivyotoka kwenye kamera, na wa waridi unaonyesha mwanga baada ya kuhariri, vurugu za Highlights zikiwemo. Ukiamuru usawazishaji, programu huzipima upya picha zilizokwisha kuhaririwa na kurekebisha kila moja mpaka mstari wa waridi unyooke. Leseni hulipwa mara moja, na toleo la majaribio ni bure kwa mfululizo usiozidi picha 400, yaani sekunde 16 za video, ambazo zinatosha kabisa kuamua.

Dosari yake ni kwamba inakufunga kwa Adobe, na hapo ndipo ninapokereka. Tangu Januari 2025 wateja wapya hawauziwi tena mpango mdogo wa GB 20 uliokuwa dola 9.99 kwa mwezi. Iliyobaki ni ya TB 1: wenye Photoshop pia ni dola 19.99, ambao kwa mwaka unakaribia dola 240, na wa Lightroom pekee, Classic ikiwemo, ni dola 11.99. Hifadhi hiyo ya mtandaoni ina faida gani kwa mtu anayepaswa kupakia GB 36 za faili za RAW (picha ghafi za kamera) za jioni moja kwa bando la simu? Anayelipwa kwa shilingi hulipia kitu asichokitumia, na benki nayo humkata gharama ya kubadilisha fedha.

Nafasi ya pili ni ya DaVinci Resolve Studio, programu ya kuhariri video, dola 295 kwa malipo ya mara moja. Kifaa chake cha Deflicker kina mpangilio maalumu wa taimulapsi na hutuliza vizuri ule mpepeso mdogo wa tundu la lenzi. Hata hivyo, kinakuja kutibu video wakati kosa lilikwisha kufanyika kwenye picha, na palipo na mawimbi au watu wanaopita huweza kuacha vivuli vya vitu vilivyokwisha kupita. Toleo la bure la Resolve linaunganisha picha vizuri hadi ukubwa wa 3840 kwa 2160, lakini Deflicker ukiitumia humo inabandika alama juu ya video. FFmpeg, programu ya video isiyo na vitufe, ni ya bure na ina kichujio cha kazi hii, kwa anayeweza kuvumilia kuandika amri.

Kuhusu wauzaji wa Kariakoo wanaokuuzia „Lightroom ya maisha” kwenye flashi, Adobe haiuzi Lightroom Classic kwa mtindo huo, kwa hiyo unachouziwa ni nakala ya wizi. Msomaji mmoja aliuziwa hata LRTimelapse „kamili” iliyogoma ilipofika picha ya 400, akaambiwa kompyuta yake ndiyo dhaifu. Leseni ya kweli hununuliwa kwenye tovuti ya mtengenezaji na husajiliwa kwa jina lako, kwa hiyo kabla ya kutoa pesa dukani, mwambie muuzaji akufungulie dirisha la leseni usome jina lililoandikwa humo.