Niliwapa kanda ya Zawose, wakanirudishia gitaa

Gitaa la umeme! Nimepeleka dukani kanda yenye muziki wa mwaka 1985 wa Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo, na wenzake, ihamishiwe kwenye flashi, nikaletewa gitaa la umeme, na kijana aliyenifanyia hivyo akanitazama usoni bila haya: "Mzee, si Zawose yuleyule?"

Nyota moja. Hiyo moja yenyewe ni ya yule mama mwenye duka, nitamfikia.

Ngoja nirudi nyuma kidogo. Baba yangu mdogo alikaa Bagamoyo miaka ile Zawose anafundisha Chuo cha Sanaa. Kwa Mgogo kutoka Mvumi, kumkuta Mgogo mwenzako kule pwani, tena ndiye mwalimu wa chuo, tena Mwalimu Nyerere mwenyewe ndiye aliyetaka aje apige na kikundi cha taifa, hilo si jambo la kusimulia mara moja ukanyamaza. Baba mdogo alilisimulia mpaka anaingia kaburini. Huko ndiko alikoiona santuri ya Tanzania Yetu, iliyotolewa London mwaka 1985, ya Zawose, Dickson Mkwama na Lubeleje Chiute. Kuna mtu alikuja nayo. Muziki wetu, jina la nchi yetu, lakini uipate lazima atokee mtu wa Ulaya. Nchi haikuwa na kiwanda cha santuri wakati huo. Bendi zetu zilikuwa zikirekodi Radio Tanzania, na waliotaka santuri walivuka kwenda Nairobi.

Baba mdogo hakuwa na hela ya santuri wala gramafoni ya kuipigia. Alichokuwa nacho ni kanda moja ya mahubiri. Akaomba arekodiwe juu yake. Aliyerekodi alichelewa kubonyeza, kwa hiyo upande wa A unaanza na mchungaji anasema, "Basi Petro akamjibu, akasema..." kisha trrrrng, ilimba, ile ala ya Kigogo ya vijiti vya chuma, inaingia. Sisi nyumbani tumekulia na hiyo. Mtu akiulizwa swali asilotaka kujibu, anasema "Petro akasema", wote tunacheka. Mgeni haelewi kitu.

Santuri yenyewe mimi sijawahi kuiona dukani hata siku moja, si hapa Dodoma, si Dar. Kanda ndiyo hiyo moja, na imeanza kuchoka. Sehemu nyingine sauti inazama halafu inarudi.

Sasa pale karibu na Soko la Majengo kuna duka, jina nitawahifadhia, nje wameandika kwa rangi nyekundu kwamba wanahamisha kanda na mikanda ya harusi kwenda flashi. Nikaingia. Kijana kakaa, spika moja inapiga singeli, simu mkononi. Hakunyanyua kichwa. Nikamweleza kanda ni ya nani, imetoka wapi, aiangalie isije ikaliwa na deki. Akasema, "Weka hapo." Elfu kumi. Njoo kesho. Kesho yake akasema njoo Jumatano. Jumatano nikaenda mara mbili, mara ya pili ndiyo nikapewa flashi. Na kanda yangu, ndani ya kasha lake, safi.

Safi mno. Ningeshtuka hapo hapo.

Jioni ile Baba alikuwepo, amekuja mjini kuonana na daktari wa macho. Nikachomeka flashi kwenye sabufa, nikamwambia, leo unamsikiliza mdogo wako. Tukamsubiri Petro. Petro hakuja. Ikaja sauti ya Zawose, ndiyo, hiyo huwezi kuikosea, inaanzia huko chini kifuani halafu inapaa mpaka unadhani ni mtoto wa kike anaimba. Lakini nyuma yake kuna kitu kinaunguruma na kuvutika. Baba akainamisha kichwa. "Huyu anayepiga chuma ni nani?"

Aliyekuwa akipiga chuma ni Michael Brook, Mkanada. Ile ni Assembly, albamu waliyoitengeneza pamoja miaka ya 2000 ikianza, Zawose akiwa tayari amezunguka dunia na kurekodi kwa kampuni ya muziki ya Real World huko Uingereza. Kijana wangu hakuwa amegusa kanda. Aliandika jina mtandaoni, akashusha cha kwanza alichokiona, akanijazia kwenye flashi, akachukua elfu kumi.

Ushahidi ninao. Kanda niliiacha imesimama katikati ya upande wa A, utepe nusu huku nusu huku, kwa sababu ndivyo ninavyoitunza. Ilirudi hivyo hivyo. Hata kikaratasi nilichokunja na kukitia ndani ya kasha kilikuwa na mkunjo wangu.

Nitasema ukweli hata kama unanipunguzia hasira: Assembly si albamu mbaya. Baba aliomba wimbo mmoja urudiwe. Nilirudia, nimeuma meno. Akaomba tena. Lakini mtu akikutuma ununue kuku wa kienyeji ukamletea samaki, huwezi kujitetea kwamba samaki naye ni mtamu.

Asubuhi niko dukani kabla hawajafungua.

"Kijana, hii umeitoa kwenye kanda yangu?"

"Ndiyo mzee."

"Uliisikiliza yote?"

"Niliisikiliza."

"Petro alisema nini?"

"Petro gani?"

Hapo ndipo akaanza kupandisha sauti. Kanda yangu ina kelele tupu. Yeye amenisaidia, amenitafutia iliyo safi. Si Zawose yuleyule? Kisha, mbele ya akina mama wawili waliokuja na mkanda wa kipaimara, akasema, "Wazee bwana, mnakumbatia makorokoro." Wale mama wakacheka. Sikuwa mzee, nina miaka arobaini na kitu, nilikuwa nimevaa kofia tu.

Nimefanya kazi ofisi ya watu miaka mingi, nimetukanwa na wenye haki na wasio na haki. Sijui kwa nini hilo neno makorokoro lilinikaa kooni. Nilipiga meza. Ndipo akatoka yule mama mwenye duka, akaniambia "Shikamoo, samahani," halafu akamgeukia kijana kwa sauti ya chini kuliko yetu sote: "Shusha deki."

Deki ilikuwa juu ya kabati chini ya mashuka ya vumbi la Dodoma. Hedi yake nyeusi kama sufuria ya ugali. Mimi mwenyewe, mteja niliyelipa, ndiye niliyeomba spiriti na pamba nikaisafisha. Ule mkanda wa mpira unaozungusha ulikuwa umelegea, sauti inalewa. Ikabidi fundi redio wa mlango wa pili atafute mwingine. Hiyo ni huduma? Duka limeandika nje linahamisha kanda, na deki yao mara ya mwisho kupata umeme sijui alikuwa rais gani.

Siku mbili baadaye nikapewa flashi ya pili. Petro yumo! Nilifurahi nikataka kuandika nyota nne. Halafu ilimba ikaingia, na ilimba imekufa.

Inasikika, nota zote zipo, lakini imekufa. Nikasikiliza mara tatu nikidhani ni masikio yangu. Kwa wasiojua: sanduku la ilimba ya Kigogo lina tundu, na kwenye tundu hilo hubandikwa utando anaofunikia mayai yake buibui. Ukipiga vijiti vya chuma, utando unatetemeka, unatoa ule mlio wa nzi aliyenaswa. Mlio huo si uchafu, umewekwa makusudi. Fundi anautafuta utando wa buibui, anaubandika, ukichanika anatafuta mwingine. Na kijana wetu kwa kutaka kunifurahisha alipitisha muziki wote kwenye programu ya kuondoa kelele. Mvumo wa kanda umeondoka, na mlio wa ilimba umeondoka nao.

"Nimekusafishia mzee," alisema. Safari hii kwa upole. Ndiyo iliyonishinda, ule upole. Mtu anayekudanganya unajua la kumfanya. Huyu sasa alikuwa amejitahidi.

Nikakaa kwenye kile kiti chao cha plastiki, nikamweleza habari ya buibui. Alifikiri namtania. Nikamvalisha hedifoni zake mwenyewe, nikampigia kanda yenyewe moja kwa moja kutoka kwenye deki, halafu ile aliyoisafisha. Akarudia. Akanyamaza. Akaendelea kusikiliza upande wa A mpaka ukaisha, wateja wanasubiri, na mimi nasubiri, na kule nje jua la saa saba. Alipovua hedifoni akanisalimia kwa Kigogo, "Mbukwa." Kumbe ni Mgogo wa Mpwapwa! Siku zote hizo ananijibu kwa Kiswahili cha mjini. Bibi yake alikuwa akipiga muheme kwenye ngoma za akina mama, akasema. Hakusema zaidi, na mimi sikumwuliza.

Flashi ya tatu ndiyo sahihi. Mvumo upo, sauti inazama pale inapozama, nzi yumo. Hawakuniongezea hela. Kwa hiyo nyota mbili. Tatu kama mtahesabu uvumilivu wa yule mama, lakini nikikumbuka makorokoro narudi mbili.

Nilikuwa nimeandika mpaka hapo nikaacha, kwa sababu juzi nimepita tena Majengo kununua karanga na kutoka kwenye ile spika yao ya nje, mahali pa singeli, nikasikia: "Basi Petro akamjibu, akasema..." Trrrrng.

Nilisimama na karanga zangu. Kanda yangu! Amejiwekea nakala, na si kujiwekea tu, anauza. Elfu moja na mia tano, unakuja na flashi yako. Hakuniomba. Hakuna senti inayokwenda kwa ndugu wa Zawose, ambaye amelala tangu mwisho wa mwaka 2003, wala kwa warithi wa wale wenzake wawili. COSOTA, wale wa hakimiliki, ipo kwa ajili ya mambo kama haya. Nikaanza kuvuka barabara nikiwa nimeshaandaa maneno, na katikati ya barabara nikakumbuka baba mdogo naye aliipata vipi. Bajaji ikanipigia honi.

Nikafika. Kijana hakuniona, alikuwa anamhudumia mzee mmoja wa kweli, mwenye fimbo na koti, kutoka vijijini huko. Mzee anauliza, sasa huyu mchungaji anafanya nini humu, si umtoe?

"Hapana babu," kijana akamwambia. "Ndivyo inavyoanza. Usiikate."

Sikusema kitu. Nikanunua nakala moja ya Baba, na nikamwomba aniwekee na ile ya gitaa, elfu tatu jumla. Nyota sijui, wekeni wenyewe. Ila mkienda, nendeni na flashi zenu; ile ya kwanza waliyonipa imeshakufa.