Kabla ya kununua chakula cha hamira, geuza pakiti usome nyuma

Mwezi wa tatu nilimwaga ndoo nzima ya mvinyo wa asali, lita 20, iliyobeba kilo 6 za asali ya Tabora niliyoagiza kwa basi. Haikuingia uchafu wala haikugeuka siki. Ilikuwa na chumvi, tena chumvi kali inayong'ang'ania nyuma ya ulimi, na miezi minne ya kuiacha itulie haikuipunguza. Chanzo ni kifuko cha nailoni cha gramu 20 kilichoandikwa kwa kalamu "virutubisho vya hamira", basi.

Asali ina sukari tele, naitrojeni karibu hamna. Hamira ikikosa naitrojeni husota, hutoa harufu ya mayai viza, na mara nyingine hugoma kabisa sukari ikiwa bado nyingi. Hayo mnayajua, ndiyo maana kila wiki mnaniuliza mnunue chakula kipi cha hamira. Mimi sitaanza na bei wala ukubwa wa pakiti. Ninalolitafuta kwanza ni jambo moja ambalo wauzaji wengi hawaliandiki: naitrojeni hiyo imetoka kwenye nini?

Kama imetoka kwenye DAP, yaani chumvi ya amonia na fosfati, hamira huikimbilia siku za mwanzo na kuchacha kwa fujo. Kilevi kikikaribia asilimia 9, hamira haiwezi tena kuivuta. Ukiitia wakati huo inabaki humo humo kama chumvi, na vijidudu vingine vinapata chakula cha bure. Mimi niliitia siku ya kumi, mapovu yalipopungua, nikidhani naiokoa ndoo. Kama kifuko kingeandikwa DAP, mkono wangu usingethubutu.

Kwangu namba moja ni Fermaid O ya Lallemand, kampuni ya Kanada, na siifichi mapenzi yangu kwayo. Imetengenezwa kwa hamira iliyouawa, haina DAP hata chembe, kwa hiyo naitrojeni yake inakuja kama amino asidi, vile vipande vya protini, na hamira huila polepole. Ifungue unuse: unga wa rangi ya kahawia hafifu, wenye harufu ya mkate na supu. Ndoo yangu ya lita 20 yenye kilo 6 za asali, nikitumia hamira ya 71B ambayo si mlafi, hula gramu 18 hivi. Nazigawa mara nne: baada ya saa 24, 48, 72, na fungu la mwisho theluthi ya sukari ikishaliwa au siku ya saba, lolote litakalotangulia. Koroga kwanza kwenye kikombe cha maji. Ukimwaga unga mkavu kwenye ndoo inayochacha, povu litafurika mpaka sakafuni.

Ukiwa na fedha ya ziada, ongeza Go-Ferm. Hii ni ya kuamshia hamira tu: gramu 1.25 kwa kila gramu ya hamira, kwenye maji ya uvuguvugu, kabla ya kuimimina kwenye asali. Haishiki nafasi ya Fermaid O.

Fermaid K ni ya tatu. Ina DAP ndani, lakini pakiti yake inasema hivyo, na kwa hilo naiheshimu. Itumie mapema, usiiguse mwishoni.

DAP tupu ni rahisi na ina nguvu, gramu moja kwa lita inatoa miligramu 210 za naitrojeni. Inunue tu ikiwa imeandikwa kuwa ni ya chakula. Msomaji mmoja aliniandikia kwamba ameshauriwa atumie DAP ya kupandia mahindi. Ndugu zangu, hapana. Mbolea haikusafishwa kwa ajili ya tumbo la mtu, na inaweza kubeba madini kama kadimiamu.

Hamira ya mkate iliyochemshwa inasaidia kidogo, ni bora kuliko kuacha kabisa.

Kinachoniuma ni huu mtindo wa kufungua mfuko mkubwa na kupima vifuko vidogo. Jina linaondoka, tarehe inaondoka, unga unavuta unyevu wa Dar na kuganda, halafu gramu 20 unauziwa shilingi elfu kumi. Nilirudi na kifuko changu nikakimimina kwenye karatasi pale kaunta: punje nyeupe zinazong'aa kama sukari, hazina harufu ya hamira kabisa. Muuzaji akanijibu, "Dada, zote ni dawa za pombe." Nikamwomba anionyeshe mfuko aliopimia. Akasema ameshautupa.