ELM327 ya Bluetooth: yafaa kwa injini inayomisi?

Injini ikianza kumisi kwenye foleni ya feri Likoni, usukani ukitetemeka na taa ya injini ikiwaka, ushauri wa kwanza wa gereji nyingi ni kununua plagi nne mpya. ELM327 ya Bluetooth, kidude kama kibiriti kinachosoma hitilafu kwenye kompyuta ya gari, inakuepusha na kubahatisha huko. Gari haikutengenezei, inakutajia silinda, basi.

Ichomeke kwenye tundu la pini 16 chini ya dashibodi, upande wa dereva. Washa swichi, iunganishe na simu ya Android, fungua programu ya Torque au Car Scanner, nayo itakuonyesha kodi, yaani namba za hitilafu. P0301 ni silinda ya kwanza, P0302 ya pili, hivyo hivyo hadi ya mwisho. P0300 ni kumisi kunakohamahama. Kwa 1NZ-FE, injini ya Probox na Fielder nyingi, hesabu huanzia upande wa mkanda.

Usikimbilie kufuta kodi. Ukiifuta, inaondoka na kumbukumbu ya hali ya injini wakati hitilafu ilipotokea: mizunguko, joto, na marekebisho ya petroli. P0300 ikiandamana na P0171 (hewa nyingi, petroli kidogo), na marekebisho ya petroli ya muda mrefu yamepita asilimia 10 juu, achana na plagi. Huenda kuna hewa inayoingia bila kupimwa. Tafuta mpira uliopasuka kati ya sensa ya hewa na injini.

Ikiwa ni P0302 peke yake, subiri injini ipoe. Fungua boliti za koili (kifaa kinachoipa plagi umeme) kwa spana namba 10, peleka koili ya 2 kwa silinda ya 4 na ya 4 kwa ya 2, ndipo ufute kodi uzunguke kidogo. Ikija P0304, koili imekufa. Ikirudi P0302, hamisha plagi vivyo hivyo kwa soketi ya 16. Plagi ianze kuingia kwa vidole. Ukiilazimisha kwa spana, nyuzi za alumini zitaharibika na hapo gharama ni nyingine kabisa. Zote zikiwa nzima, huenda ni injekta (kinachopulizia petroli) au mgandamizo, na mgandamizo unataka geji yake, si kidude hiki.

Chungulia pia shimo la plagi. Likiwa na oili, raba za kava ya valvu zimechoka, na koili mpya itakufa kama ya kwanza. Kwa pwani yetu, angalia pini za soketi ya koili: zikiwa na ukungu wa kijani ni kutu ya chumvi, na huenda dawa ya kusafishia umeme na brashi ndogo vikatosha. Rudisha soketi mpaka ilie tiki.

Taa ya injini ikipepesa badala ya kutulia, usiendelee na safari, maana petroli isiyochomwa inaunguza katalitiki, kisafisha moshi kwenye ekzosi.

Kasoro zipo. Bandiko la “v1.5” halina maana, ELM Electronics ya Kanada haikuwahi kutoa toleo hilo. Bluetooth ya kawaida haishiki iPhone, tafuta ya Wi-Fi. Ukiiacha imechomekwa siku kadhaa inanyonya betri. Kubwa zaidi, baadhi ya magari ya Japani ya mwanzoni mwa miaka ya 2000 yana tundu lile lile lakini kompyuta haijibu, kwa hiyo mwambie muuzaji aichomeke kwenye gari lako kabla hujatoa pesa.