Uzoefu wangu: Baa ya Manet, Courtauld Gallery, London

Ukitaka kuona wachoraji walivyoyatazama maisha ya usiku na ulevi wa Paris, nenda jumba la sanaa la Courtauld, ndani ya Somerset House, barabara ya Strand. Kituo cha karibu ni Temple. Kata tiketi mtandaoni mapema. Walio chini ya miaka 18 hawalipi. Ngazi zinazunguka na zinachosha, lakini lifti ipo. Panda moja kwa moja hadi ghorofa ya juu, vyumba vingine utavitazama ukishuka. Wahi saa nne asubuhi mlango unapofunguliwa, maana baadaye watu hujazana mbele ya picha hii moja.

Ni picha ya baa ya Folies-Bergère, ukumbi wa burudani wa Paris, ambayo mchoraji Mfaransa Édouard Manet aliimaliza mwaka 1882, mwaka mmoja kabla ya kufa. Rangi za mafuta, sentimita 96 kwa 130. Mhudumu ameegemeza mikono kwenye kaunta ya marumaru. Anza na chupa kabla hujamtazama usoni: shampeni zenye karatasi ya dhahabu shingoni, pombe ya kijani ya mnanaa, na bia ya Bass kutoka Uingereza. Ile pembetatu nyekundu kwenye lebo ya Bass ndiyo alama ya biashara ya kwanza kusajiliwa huko, mwaka 1876. Soma lebo ya chupa ya mwisho kushoto: ni saini ya Manet mwenyewe. Kisha inua macho hadi kona ya juu kushoto, uone miguu yenye viatu vya kijani ikining'inia kwenye bembea ya sarakasi. Huwa inapitwa na wengi.

Kinachowachanganya watu ni kioo kilicho nyuma ya mhudumu. Ukisimama katikati, taswira ya mgongo wake inaonekana imehamia mbali kulia, na inaongea na mwanamume mwenye kofia ndefu ambaye huku mbele hayupo. Usiharakishe kusema mchoraji alikosea. Mtafiti Malcolm Park alijenga upya mandhari hiyo kwa kamera mwaka 2000, akaonyesha kwamba mtazamaji yuko upande wa kulia wa kaunta, na mteja yuko kushoto, nje ya fremu. Kwa hiyo sogea hatua mbili tatu kulia ndipo uitazame tena. Eksirei nazo zilionyesha kuwa Manet aliisogeza taswira hiyo kulia kwa makusudi. Kwangu, hapo ndipo kiini cha picha kilipo: kwenye kioo anamsikiliza mteja, lakini uso anaotuonyesha sisi uko mbali kabisa, umechoka na zamu.

Usitegemee maonyesho makubwa ya starehe; picha za mada hii ni chache. Ila usiondoke bila kuziona mbili za mchoraji Toulouse-Lautrec. Moja ni ya Jane Avril, mcheza dansi, langoni mwa ukumbi wa dansi wa Moulin Rouge, amevaa koti na glavu, uso umesawajika. Nyingine ni ya chumba cha faragha katika mgahawa wa Rat Mort: mwanamke mwenye midomo myekundu anatabasamu mezani, na mwanamume aliye naye amekatwa na ukingo wa turubai, uso hauonekani.